Acheni Kulaumu Mbegu za Mapera

Huku Kisumu, mtu akiambiwa utumbo wake mpana una vifuko, majirani humwambia mara moja aache njugu, mahindi ya kuchoma na mapera, eti mbegu zitanasa humo. Ushauri huu unamnyima chakula kizuri bure. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2008, uliofuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 18, haukuona njugu wala bisi zikiwaongezea watu vifuko hivyo.

Vifuko hivi, yaani divatikulosisi, hutokea pale mishipa ya damu inapopenya ukuta wa utumbo. Hapo misuli huwa dhaifu, na shinikizo la ndani likipanda, utando husukumwa nje. Umri ndio unaochangia zaidi: chini ya miaka 40 si kawaida, lakini katika nchi za Magharibi karibu nusu ya waliopita 60 wanavyo. Urithi nao una nguvu. Uchunguzi wa mapacha wa Uswidi uliutwisha takriban asilimia 40 ya hatari. Ukiwa na mzazi au ndugu mwenye shida hii, mwambie daktari.

Suala la nyuzinyuzi linahitaji uangalifu. Denis Burkitt, daktari aliyefanya kazi miaka mingi jirani zetu Uganda, aliandika na Neil Painter mwaka 1971 kwamba ugonjwa huu unatokana na lishe iliyokobolewa. Wengi bado wanaishia hapo. Lakini mwaka 2012, watu zaidi ya 2,000 wa Marekani walipopimwa kwa kamera ya utumbo, waliokula nyuzinyuzi nyingi hawakuwa na vifuko vichache, na kufunga choo hakukuonekana kuwa chanzo. Kwa hiyo mtu asiahidiwe kwamba sukuma wiki itazuia vifuko. Faida iliyo wazi zaidi ni kupunguza hatari ya vifuko kuvimba, na hiyo inatosha kunifanya nitetee nyoyo (mahindi yaliyochemshwa na maharagwe), ugali wa wimbi na unga wa mahindi yasiyokobolewa. Kikombe cha maharagwe yaliyoiva kina gramu 13 hivi za nyuzinyuzi. Lengo la siku ni 25 hadi 30. Ongeza polepole kwa wiki kadhaa, ukinywa maji ya kutosha, la sivyo tumbo litajaa gesi na utaacha.

Unene, hasa kitambi, sigara, kutofanya mazoezi na nyama nyekundu kila siku, vyote huongeza hatari ya matatizo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni dawa za maumivu. Mzee anayeumwa magoti hununua diklofenaki au ibuprofeni dukani bila kuulizwa lolote, akameza kwa miezi. Dawa hizi hudhoofisha kinga ya utando wa utumbo, na huongeza uwezekano wa vifuko kuvimba na kutoka damu. Aspirini pia huongeza kutoka damu, ila aliyeandikiwa kwa ajili ya moyo asiiache bila kumuona daktari.

Wengi wenye vifuko hawahisi chochote maisha yao yote. Maumivu makali ya tumbo chini kushoto pamoja na homa, hayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo. Damu kwenye choo nayo isiitwe bawasiri kwa kukisia, maana saratani ya utumbo huweza kuanza hivyo hivyo. Kama kuvimba kumetibiwa, kamera kwa kawaida husubiri wiki 6 hadi 8, kwa sababu ukuta uliovimba hutoboka kwa urahisi.