Mtaalamu wa Kusafisha Santuri

Katika biashara ya santuri za zamani, zile za shelaki zinazozunguka mara 78 kwa dakika, mnunuzi ninayemwogopa kuliko wote si yule asiyejua kitu. Asiyejua kitu huishika santuri kwa woga, huuliza bei, hushtuka, kisha huirudisha salama. Ninayemwogopa ni mtaalamu, na sababu ya woga huo ilinijia mlangoni ikiwa imevaa glavu nyeupe za pamba.

Mzee huyo alifuatana na mkewe kuja kuangalia santuri moja ya inchi kumi niliyoitangaza kuwa ya daraja la E, ambalo kwa wakusanyaji ni hali bora kabisa anayoweza kuitaja muuzaji mwenye haya. (Juu yake lipo daraja la N, yaani mpya, lakini kwa kitu kilichokwisha kupitiwa na sindano za chuma za watu waliozikwa zamani, mimi silitumii.) Alitoa mkobani lenzi, tochi, kitambaa cha mahameli na chupa mbili ndogo zisizo na tofauti yoyote ila maandishi yaliyofifia. Nilipoinyanyua santuri ili nimkabidhi, alinizuia kwa kiganja.

“Taratibu, mwanangu. Hii si plastiki.”

Darasa likaanza. Alinieleza, mimi ninayeziuza, kwamba shelaki hutokana na utomvu wa wadudu wadogo wanaokaa kwenye matawi ya miti huko India na Thailand, kwamba viwanda viliuchanganya na unga mwingi wa mawe, na kwamba unga huo ndio unaoisaga sindano ya chuma hata ikalazimu kuibadilisha kila upande unapochezwa. Yote hayo ni kweli. Aliishika santuri kwa ukingo, akaigonga kidogo kwa kifundo cha kidole na kuinamisha sikio, kwa kuwa santuri nzima hulia na yenye ufa hutoa sauti butu, ikalia vizuri. Muda wote huo mkewe alikuwa ameketi, mkoba magotini, akiutazama ukuta kwa subira ya mtu aliyekwisha kuusikia mhadhara huo mpaka mwisho, na zaidi ya mara moja.

“Adui mkubwa wa shelaki ni nini?” mzee aliniuliza, na kabla sijafungua kinywa akajijibu. “Spiriti! Seremala huiyeyusha shelaki hii hii kwa spiriti ili apate vanishi ya kupaka makabati. Ukiipaka santuri spiriti, umeimaliza. Mimi hutumia maji yaliyokenekwa na tone la sabuni, basi. Spiriti ninayo, lakini ni ya lenzi.”

Huku akisema hayo alifungua chupa moja, akalowesha kitambaa na kuanza kusugua kwa kuufuata mzunguko wa mifereji, kuanzia karibu na lebo kuelekea nje. Kitambaa kikawa cheusi papo hapo.

“Unaona?” alisema kwa furaha. “Uchafu wa miaka na miaka huu! Ninyi vijana mnauza vitu bila kuviosha.” Akaongeza kimiminika, akaongeza na nguvu.

Harufu ikanifikia. Nikasema, “Samahani, mzee,” naye akaninyamazisha kwa kidole, maana alikuwa bado anafafanua madhara ya spiriti. Nikasema, “Mzee, hiyo chupa,” naye akalalamika kwamba wanafunzi wa siku hizi hawana utulivu. Mkewe ndiye aliyeweza kumkatiza, tena bila kugeuza uso.

“Mzee wangu, mbona hapa pananukia hospitali?”

Kimya. Kitambaa kilipoinuliwa, kilibanduka kwa shida, na nyuzi za mahameli zikabaki zimegandia kwenye kile kilichokuwa mifereji. Mtaalamu hashindwi haraka, kwa hiyo alisisitiza tuicheze kwanza kabla ya kutoa hukumu. Nikaweka sindano mpya na kulijaza gramafoni ufunguo. Kwa kuwa kitambaa hakikuwa kimefika ukingoni, mwimbaji alianza vizuri na kumaliza ubeti mzima. Kisha akaingia kwenye spiriti. Sauti ikawa ya mtu anayeburutwa juu ya changarawe akiwa ndani ya gunia, halafu sindano ikateleza kwa yowe moja hadi kwenye lebo.

Mzee alivua glavu, akatafakari, akatamka kama hakimu kwamba dhamiri yake haimruhusu kulipa bei ya daraja la E kwa santuri ambayo kwa macho ya kila mtu ni ya P, daraja la mwisho. Nilimkumbusha kwamba alipoingia ilikuwa E. Hilo hakulikataa, ila alishikilia kwamba mnunuzi hulipia kitu jinsi anavyokiona wakati wa kulipa. Tulikuwa katikati ya ubishi huo mkewe alipofungua mkoba wake na kunihesabia bei yote niliyoitangaza, bila kuomba nipunguze chochote.

“Mama, hili si kosa lako,” nilimwambia kwa aibu.

“Usijali, mwanangu. Nyumbani zimejaza chumba cha wageni, zimejaza ukumbi, na sasa zimeanza kuingia jikoni.” Akaichukua ile chupa mezani, akayasoma maandishi yake kwa makini, akaifunga vizuri na kumrudishia mumewe kwa upole ambao sikuwa nimeuona tangu waingie. “Na zile zetu, mzee wangu, utazisafisha lini?”