Dirisha nisilolitumia

Jana saa moja unusu asubuhi nilikuwa steshini, treni yangu imefutwa, baridi inapenya viatu. Akaingia babu mmoja na fimbo yake nyeupe, akaufuata ule mstari wa vinundu sakafuni mpaka dirisha la tiketi. Karani alimwita kwa jina kabla hajafika. Akamweleza kwamba treni ya kumpeleka kliniki haipo, inayofuata itasimama upande wa pili, na lifti ya huko imeharibika, basi asubiri kidogo. Kisha yule karani akabandika kijikaratasi kwenye kioo, akatoka, akampa mkono, wakateremka ngazi polepole, babu akihesabu vidato kwa sauti.

Mimi kwenye dirisha lile sijawahi kununua tiketi hata moja. Nagusa kadi mlangoni, napita. Lakini mwaka 2023 walipotaka kulifunga, nami niliandika kukataa. Jana nikiwatazama wale wawili nilijisikia vizuri mno, mpaka nikapiga picha kile kijikaratasi nikamtumia kaka yangu Mombasa. Akanijibu: "Sasa hiyo nini?" Ndiyo nimekaa niieleze, kwake na kwa wengine wanaoniuliza huku London nimejifunza nini zaidi ya kuvaa makoti.

Julai 2023 makampuni ya reli ya Uingereza, serikali ikiwa nyuma yao, yalitangaza mpango wa kufunga karibu madirisha yote ya tiketi katika stesheni za England, karibu stesheni 1,000. Hoja yao ilikuwa hesabu: tiketi 12 tu katika kila 100 ndizo zinazonunuliwa dirishani, nyingine watu hununua kwa simu na kwa mashine. Makarani watatolewa nyuma ya vioo wazunguke kuwasaidia abiria, wakasema. Chama cha wafanyakazi wa reli, RMT, kikasema huo ni mlango wa kupunguzia watu kazi. Wananchi wakapewa siku 21 kutoa maoni.

Mimi nilisoma tangazo ukutani nikaendelea na safari. Niliona halinihusu. Aliyenirudisha ni bibi mmoja jirani yangu, Mwingereza, amepita miaka 80. Jumamosi aliweka meza ndogo nje ya stesheni, mvua yao ile isiyokwisha inamnyeshea, karatasi amezifunika kwa nailoni. Akaniuliza kama nanunua tiketi dirishani. Nikasema sinunui. Akasema hata yeye hanunui, ana pasi ya wazee. Kisha akavuta kiti niketi. Sahihi peke yake hakuitaka, alitaka niandike kwa maneno yangu, jina la stesheni juu, nani ataumia na ataumiaje. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, kwa hivyo ya kuandika ninayo. Nikaandika kurasa mbili.

Watu wenye ulemavu walianza safari ya mahakamani. Mameya wa miji mikubwa, akiwemo Andy Burnham wa Greater Manchester, nao wakatishia kushtaki. Muda ukaongezwa hadi tarehe 1 Septemba. Maoni yakafika 750,000, na karibu yote ya kukataa. Tarehe 31 Oktoba taasisi mbili zinazowatetea abiria zikaupinga mpango kwa kila stesheni, na siku hiyo hiyo waziri wa uchukuzi, Mark Harper, akayaambia makampuni yauondoe.

Hiyo 12 katika 100 na hayo maoni 750,000, yawekeni pamoja myatazame. Kama kila mtu angetetea dirisha analolitumia yeye, mpango ungepita kimya kimya. Naamini walioandika wengi ni watu kama mimi na yule bibi, wenye kadi na pasi zao, waliomwandikia kipofu, na mgeni asiyejua njia, na kijana aliyepoteza simu.

Sasa ninajua kitakachofuata. "Dada, umekwenda juzi tu, ushaanza kutufundisha." Nimeambiwa hivyo kwenye kikundi cha familia, nimeambiwa na shoga yangu tuliyesoma naye Changamwe. Nataka niseme wazi: siwatukuzi hawa watu. Nimeona wakifungiwa maktaba za mitaa, wamepoteza vituo vya vijana, na madirisha ya tiketi ya treni za chini ya ardhi hapa London yalishafungwa 2015 licha ya kelele. Hushindwa mara nyingi. Nami siandiki kwa kuwa nimesahau tulikotoka. Naandika kwa sababu nakumbuka vizuri mno nilikokuwa mwaka 2019.

Mwaka huo nilikuwa ofisini mjini Mombasa, kazi ya bima. Reli mpya ilikuwa imefika Nairobi tangu 2017, mizigo imeanza kuhamia, na Agosti 2019 ikatoka amri kwamba kontena zote za kwenda bara zipande treni, zikatolewe Embakasi, Nairobi. Wenyeji hamhitaji kuambiwa maana yake: malori yanakosa mizigo. Kila Jumatatu watu waliandamana. Black Monday. Madereva, mawakala wa forodha, vijana wa vuguvugu la Okoa Mombasa, wanaharakati waliokuwa wakikamatwa leo na kesho wako tena barabarani. Mimi niliwatazama kutoka dirishani, ghorofa ya tatu. Nilisikitika kweli, lakini nilisema moyoni kwamba hayo ni mambo ya watu wa malori. Wenzangu ofisini walisema vilevile. Mwalimu alisema ni ya malori. Muuza vitambaa wa Biashara Street akasema foleni itapungua, afadhali.

Baba yangu ana vyumba sita vya kupangisha Magongo. Wanne katika wapangaji walikuwa madereva na matanboi, wale wasaidizi wa madereva wa malori. Wa kwanza kuondoka alikuwa tanboi wa chumba cha uani, kijana wa Mtito Andei. Aliacha funguo juu ya mtungi wa maji na godoro limekunjwa vizuri, akamwambia baba aliuze afidie kodi ya mwezi. Baba hakuliuza, analo mpaka leo. Akafuata wa pili. Mama muuza mahamri pale kona akapunguza unga, kisha akawa anapika siku tatu kwa juma. Gereji iliyokuwa ikiziba pancha za matrela ikageuka ya bodaboda. Kaka yangu, trela alilokuwa akiliendesha likaegeshwa Miritini miezi na miezi, majani yakaota kwenye magurudumu, mwishowe mwenyewe akaliuza. Na ofisini kwetu, tuliokuwa tukisema ni mambo ya malori, tulikuwa tukiyakatia bima malori hayo hayo. Wateja walipopungua, nasi tukapunguzwa. Mimi nilikuwa wa pili kuitwa ndani.

Kwa hivyo ninapolinganisha, sisemi wao wana akili sisi hatuna. Mombasa tulishinda, na najivunia sana hilo. Kelele za mitaani zikafanya amri isimamishwe Oktoba ile ile. Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ikatamka kwamba ilikuwa kinyume cha katiba, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa. Septemba 2022 rais mpya, siku ya kuapishwa kwake, akasema shughuli za kutoa mizigo zinarudi bandarini Mombasa. Hayo yaliletwa na watu waliopigwa jua na mabomu ya machozi. Mtu asiniambie Mpwani ni mlegevu. Walioandamana nawajua, wengine nimesoma nao.

Kinachoniuma ni uchache wao. Mji mzima unakula bandari, na Jumatatu barabarani wako wenye malori.

Huku Lewisham ninakoishi, wenyeji bado wanasimulia habari ya hospitali yao. Mwaka 2012 hospitali za jirani zilielemewa na madeni, na msimamizi aliyewekwa na serikali akapendekeza kwamba ili kuziokoa, idara ya dharura ya Lewisham ishushwe hadhi na wodi ya uzazi nayo ipunguzwe, ingawa Lewisham yenyewe haikuwa na deni hilo. Tarehe 26 Januari 2013 watu walitembea barabarani, waandaaji walihesabu 25,000. Mwenzangu kazini, Mjamaika, alikuwamo. Ananiambia alikwenda na mama mkwe wake, na nyuma yao walikuwa madaktari, mbele yao watu wa kanisa, pembeni wenye maduka. Waziri wa afya, Jeremy Hunt, hata hivyo akaamua kuendelea. Wakamshtaki. Julai 2013 Mahakama Kuu ikasema amevuka mamlaka yake, Oktoba mahakama ya rufaa ikasema vivyo hivyo. (Mwaka uliofuata wakubwa wakabadilisha sheria ili wasimamizi wa aina hiyo wapate nguvu zaidi, kwa hivyo msidhani huku kuna malaika.) Nilimuuliza yule mwenzangu kama wakati ule alikuwa mjamzito, au ana mgonjwa wodini. Akanishangaa. Alikuwa na miaka 50 na afya tele.

Kwetu mwenye uwezo hujitoa. Shule ya umma ikizorota, anampeleka mtoto ya kulipia. Maji yakikatika, analeta bowsa na tangi juu ya paa. Hospitali ikikosa dawa, anakwenda ya kibinafsi na kutusimulia bei. Simlaumu, hata mimi nimefanya. Mtoto akichemka homa saa nane usiku hungoji mapinduzi ya zahanati. Lakini kila anayejitoa anaondoka na sauti yake, anaondoka na yule binamu anayemjua mkubwa, anaondoka na uwezo wa kuandika barua ya Kiingereza ikasomwa. Wanaobaki kwenye foleni ni wale ambao hakuna mkubwa anayewaogopa. Halafu tunasema huduma ya umma haitetewi.

Kuna atakayesema: wao wanaulizwa, sisi hatuulizwi. Si kweli hiyo, ndugu yangu. Ushiriki wa wananchi umo katika kifungu cha 10 cha katiba ya 2010, na ndio uliotushindia kesi ya bandari. Tatizo mnalijua. Tangazo hubandikwa Alhamisi kwa mkutano wa Ijumaa, ukumbini kuna soda na nauli, na viti vya mbele vimekwisha kaliwa na waliokuja na basi. Nakubali. Nami nakasirika kama wewe. Lakini viti vya nyuma huwa vitupu, na kukaa hapo hakulipiwi.

Mwingine atasema hawa wana muda, wamestaafu, wana pensheni, ndiyo maana wanaweka meza mvuani. Hilo lina ukweli, sitabisha. Mama anayechuuza tangu alfajiri hana Jumamosi. Lakini mwaka 2024 mpango wa kukodisha uwanja wa ndege wa Nairobi ulipofichuka, waliopiga kelele walikuwa na muda gani? Septemba mahakama iliusimamisha mpango kwa muda na wafanyakazi wa uwanja wakagoma, na Novemba rais akaufuta mpango bungeni. Ndani ya kelele zile walikuwamo wauza mitumba na waendesha boda ambao ndege wanaiona ikipita juu. Nilikuwa nimeketi hapa chumbani usiku nasoma maneno yao, nalia. Waliutetea uwanja wasioutumia. Kumbe tunaweza, tena kwa sauti kubwa kuliko ya hawa. Ndiyo maana nakereka tunapokubali mtaani kile tulichokikataa Nairobi.

Na hapa nirudi kwa kaka yangu. Karibu na kwetu kuna kliniki ya akina mama na watoto, jina lake nitaliacha. Miezi miwili sasa wauguzi wake wanahamishwa mmoja mmoja, na chumba cha chanjo kimefungwa "kwa ukarabati" bila fundi hata mmoja kuonekana. Akina mama wa mtaa wanaandika ombi la kupeleka bunge la kaunti, na wanaitisha vikao. Nilimwambia kaka aende. Akacheka: "Mimi sina mke wala mtoto, nikafanye nini kliniki ya wanawake? Wataniona mwehu." Nikamwambia habari ya yule bibi na meza yake. Akasema bibi ni Mzungu. Nikamkumbusha godoro la chumba cha uani. Akanyamaza, kisha akasema salio linamwishia.

Hiyo ilikuwa Jumapili iliyopita. Leo, nikiwa naandika haya, imeingia picha kutoka kwake, bila neno lolote. Ni ukurasa wa daftari la mistari, umeshikwa na kidole gumba chake chenye kovu la jeki. Majina yote ya juu ni ya akina mama, na mbele ya kila jina wameandika umri wa mtoto. La 14 ni lake, kwa herufi kubwa. Pale pa umri wa mtoto ameandika: "Nimekuja tu."