Koki Nyuma ya Bega

Mwanamuziki wa Marekani John Denver akitajwa kwenye mazungumzo ya ndege, watu hukimbilia cheti chake cha afya ya urubani kilichofutwa na historia yake ya pombe. Vipimo vya maiti havikukuta pombe. Kilichomuua tarehe 12 Oktoba 1997 pale Pacific Grove, California, kinaanzia kwenye koki ya mafuta.

Ndege ilikuwa Long-EZ ya kujitengenezea: viti viwili, propela nyuma, kibawa kidogo mbele. Mchoro wa mbunifu wake, Burt Rutan, unaweka koki ya kuchagua tangi litakalolisha injini katikati ya miguu ya rubani. Aliyeiunda hii hakutaka mafuta yapite chumbani kwa rubani, akaihamishia nyuma ya bega la kushoto. Hofu yake ya moto ilikuwa na maana. Lakini mkono wa koki haukuwekewa alama, wala vidirisha vya kuonea kiwango cha mafuta, navyo vikiwa nyuma.

Jaribu hapo ulipokaa. Achia fimbo ya kuongozea ndege iliyo upande wa kulia, legeza mkanda, geuza kiwiliwili kushoto hadi ufikie nyuma ya bega. Sasa angalia mguu wako wa kulia: umejikaza mbele, na mbele kuna pedali ya usukani inayogeuza ndege kulia. Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani ya kuchunguza ajali za usafiri, waliliona hilo hilo kwenye majaribio yao. Mashahidi walisikia injini ikififia, ndege ikalala kulia na kupiga mbizi baharini. Kwa futi mia chache tu juu ya maji, hakuna pa kuirudisha.

Tatizo lilijulikana. Kabla ya kuruka, Denver na fundi walijaribu kurefusha mkono wa koki kwa koleo, halikufaa. Fundi akampa kioo cha kutazamia vidirisha. Denver alipanga kuwasha otopailoti, kifaa cha kuirusha ndege bila mkono wa rubani, akibadilisha tangi. Akaambiwa aongeze mafuta, akakataa, maana angeruka kama saa moja tu. Hapo namlaumu: matangi yakijaa, koki haiguswi safari nzima. Alikuwa na zaidi ya saa 2,700 angani, lakini ndege hii aliielekezwa kama nusu saa tu, siku moja kabla.

Ukinunua ndege iliyoundwa na mtu, kaa ndani injini ikiwa imezimwa, mkanda umekazwa, mkono mmoja kwenye fimbo. Fumba macho, zungusha koki: tangi la kushoto, la kulia, kufunga. Mwenzako asimame nje atazame usukani unaoendeshwa na pedali. Usukani huo ukisogea, koki ihamishwe kwanza, ndipo mzungumze bei.