Sikuwa Uchi: Taarifa Rasmi Kuhusu Datsun na Msuli Wangu

Kwanza kabisa, sikuwa uchi. Nalisema hili mapema kwa sababu yule rafiki yangu wa spea za baiskeli, ambaye nyote mnamjua na mdomo wake mnaujua, ameshaitupa ile picha kila grupu la Tanga analolijua, na maelezo ya kutunga juu yake. Ati gari limemkimbia mwenyewe akiwa uchi wa mnyama. Uongo. Nilikuwa na boksa. Rangi ya boksa tutaifikia, na hapo ndipo penye msiba wenyewe.

Gari mnalijua: Datsun 240Z ya mwaka 1972, ile iliyokuwa inaota nyasi Raskazone kabla sijaikomboa. Mke wangu analiita bati. Nilijaribu kumwelimisha, nikamwambia gari la aina hii ndilo Edgar Herrmann alilolishindia Safari Rally mwaka 1971, na Shekhar Mehta akalishindia tena mwaka 1973. Akaniuliza kama huyo Mehta naye alikuwa akisukumwa na bodaboda mpaka Chumbageni. Nikanyamaza.

Sasa, hali ya mgonjwa hiyo Ijumaa ilikuwa hivi. Waya wa handbreki umekatika. Swichi ya funguo inapeleka umeme kwenye koili, ile inayozaa cheche za injini, vizuri tu, ila haipigi stata, kwa hiyo stata naipiga kwa bisibisi. Na mlango wa dereva haufunguki kwa nje. Ukitaka kuingia, unapita dirishani, na kioo chenyewe kinashuka nusu. Yawekeni akilini, kila moja litapata zamu yake.

Tatizo kubwa lakini lilikuwa kuwaka. Injini ya 240Z ina silinda 6, zinawaka kwa mpangilio wa 1-5-3-6-2-4, huo naujua hata usingizini. Nikipiga stata, gari linapiga chafya, linatema moto kwenye kabureta, linanyamaza. Nimebadilisha plagi, nimesugua platini, nimefungua kabureta zote mbili mpaka sebule ikanuka petroli na watoto wakahamia kwa shangazi yao. Kumbe rota ya distributa ya Datsun, ile inayogawia kila silinda cheche yake, inazunguka kinyume cha saa, na mimi waya za plagi nimezipanga kufuata saa. Ukikosea hivyo, silinda ya 1 na ya 6 zinapata cheche kwa wakati wake, nne zilizobaki zinapata cheche za wenyewe. Ndiyo maana likawa linanidanganya kila siku kwamba limekaribia.

Hilo nililigundua Ijumaa hiyo hiyo, adhana ya Ijumaa ikiwa imeshatoka. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Pangani, yuko uani, amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Akaniuliza, "Baba, leo huendi msikitini?" Nikamjibu, "Naenda mama, namalizia waya mmoja." Akaniuliza tena. Nikamjibu tena. Mpaka nimalize kupanga zile waya, watu wameshatoa salamu na wanarudi majumbani kwao.

Kwa kuwa handbreki haipo, gari nililiacha kwenye gia namba moja, na tairi la mbele nikalitegea jiwe. Nasisitiza: jiwe lilikuwepo. Ila mama mkwe hapendi wali wa jiko la gesi, anasema hauna ladha, akawasha moto wa kuni uani. Mafiga aliyapata mawili. La tatu akalitafuta, akaliona limelala chini ya tairi, halina kazi. Mimi naingiza kichwa kwenye injini, jiwe langu liko chini ya sufuria.

Haya, twende polepole.

Nimevaa msuli na singlendi. Swichi nimeiwasha, choki nimeivuta mpaka mwisho, ili injini ikiwaka ingurume juu bila mtu kukanyaga mafuta. Nimeinama upande wa kulia, stata iko chini kule karibu na gia boksi. Bisibisi ndefu mkononi. Mafundi mnaijua kazi hii: unagusisha nati ya waya mnene wa betri na kile kijiti cha solenoidi, yaani swichi ya stata yenyewe, cheche inaruka, stata inazunguka.

Nikagusisha. Cheche. Stata ikalia, gari likajongea hatua, maana liko kwenye gia na stata peke yake inaweza kulisogeza. Nikatoa bisibisi haraka. Nimechelewa: injini imeshaitikia. Silinda zote 6, lita 2.4, mlio wa kusimamisha nywele! Na mimi, wallahi, jambo la kwanza nililofanya ni kufurahi. Nikanyoosha mikono juu nikasema, "Alhamdulillahi!"

Gari likaondoka.

Boneti ya 240Z bawaba zake ziko mbele, inafunguka kuelekea mbele, kwa hiyo lilikuwa linakwenda na boneti wima kama tanga la jahazi. Likanipita taratibu ubavuni, mlango, dirisha, tairi la nyuma. Nikawa nalitazama. Kona ya bampa ya nyuma ikauchukua msuli wangu kwa pindo. Nauliza, fundo la msuli limewekewa uzito gani? Halikuwekewa nguvu za farasi 150. Nilihisi upepo kabla sijahisi aibu.

Mbele ya gari, mama mkwe. Mwanamke huyu magoti yanamsumbua tangu Ramadhani, kuinuka tu mpaka ashikwe mkono. Aliruka! Gari likapita juu ya mbuzi, ubao ukapasuka katikati, kifuu kikagonga ukuta, nazi iliyokunwa ikamwagika uani kote. Akageuka kunifokea, mdomo umeshafunguka, akaniona. Kanga ikapanda ikafunika uso mzima, na chini ya kanga nikasikia sauti ndogo: "Baba, jisitiri."

Nijisitiri na nini, mama? Msuli uko barabarani huko unaburuzwa.

Maana geti lilikuwa wazi. Rafiki yetu wa spea ndiye aliyekuwa anaingia, akalipisha gari kwa heshima zote kisha akatoa simu mfukoni. Barabara imejaa kanzu, watu wanatoka msikitini. Na hapa ndipo pananiuma zaidi: halikuwa na kasi. Gia namba moja, linatembea mwendo wa mtu aliyetosheka na hotuba, kwa hiyo likajiunga na msafara. Watu wakalipa nafasi. Mzee mmoja alilitolea salamu akidhani ndani yuko mtu.

Likafika kwenye mchanga wa jirani anayejenga, likachomeka pua, likagoma. Injini haikuzima. Tairi za nyuma ndizo zinazovuta kwenye gari hili, basi zikaanza kusaga barabara, vumbi na kokoto vinaruka kwenye kanzu nyeupe za Ijumaa, na wenye kanzu wanapiga kelele, "Zima! Zima!"

(Mafundi, msiniambie ningechomoa waya wa koili, boneti si ilikuwa wazi. Nimeshaambiwa. Nimeambiwa na watoto wa chekechea.)

Mimi akili ilinituma kwenye funguo. Mlango haufunguki. Kioo kiko nusu. Nikaingia kichwa, mabega, nikafika tumboni, nikakwama. Mke wangu amekuwa akinitahadharisha kuhusu chapati za jioni. Kichwa kiko chini ya usukani, mkono unapapasa funguo, na nusu yangu iliyobaki iko nje, inaangalia umma wa Waislamu waliotoka kuswali.

Boksa. Mimi ni Simba, mnanijua. Nimegombana na watu Mgandini kwa ajili ya Simba. Lakini mke wangu alinunua boksa za mafungu, na mwanamume haangalii rangi ya kitu ambacho hakuna wa kukiona. Kijani. Mshipi wa njano. Kukawa kimya kidogo, kisha nikasikia sauti nyuma yangu, tulivu kabisa: "Kumbe mwananchi huyu!" Mwingine akadakia, "Karibu Jangwani, mgosi!" Barabara nzima ikacheka, na mimi mkono wangu bado haujafika kwenye funguo. Kuna aliyenishika mguu kunivuta, kuna aliyenisukuma, wakawa hawajaelewana. Nikaukuta ufunguo. Nikazima. Kicheko kikasikika vizuri zaidi.

Mengine ni mafupi. Imamu alinivua nusu ya aibu kwa kunitupia shuka lake la begani, nikalirudisha limefuliwa. Bampa ya mbele imejikunja kidogo, taa salama. Mchanga nimeuzoa kwa koleo mwenyewe. Mbuzi mpya nimenunua, wa mninga, mama mkwe akamkagua akasema miguu mifupi. Amerudi Pangani kwa basi la alfajiri. Kila akipiga simu anaongea na binti yake, kisha anauliza, "Na yule Yanga hajambo?"

Kwa wanaouliza hali ya injini: inawaka kwa mguso mmoja, haijawahi kunguruma vizuri namna hii. Ninachotafuta sasa ni waya wa handbreki wa 240Z, hata uliotumika. Mwenye nao aje inboksi, bei tusiitaje hapa, mke wangu anasoma. Na wewe wa spea za baiskeli, ile picha ukiirudia kuituma, angalau ikate kuanzia kiunoni.