Mai ya batri si maji

Suruali yangu ya kaki ilitoka kwenye kamba ya kuanikia ikiwa na matundu saba. Nilipoifua haikuwa na hata moja. Mke wangu alishuku panya, mimi nikashuku sabuni, na wote wawili tulikosea: kosa lilikuwa la jina.

Siku tatu kabla ya hapo nilikuwa nimekwenda kununua mai ya batri, yaani maji ya betri kwa Kiswahili cha kwetu. Hapa Lubumbashi umeme unakatika tunavyojua wenyewe, na kwetu kuna betri kubwa nyuma ya televisheni, ile ya kufunguliwa vifuniko sita na kuongezwa maji yanapopungua. Kijana akanipa chupa ya lita moja isiyo na karatasi. Nikajaza tundu moja baada ya jingine, matone mawili matatu yakanirukia mapajani, nikapangusa kwa kiganja, nikaendelea. Betri haikumaliza miezi miwili.

Nilirudi kwa kijana nikiwa nimefura. Akanijibu kwa upole kabisa, akiniita yaya, yaani kaka:

“Yaya, weye uliomba mai ya batri. Ile njo mai ya batri.”

“Na ile ya kuongeza?”

“Ile nayo ni mai ya batri.”

Sikuwa na la kumjibu, maana alisema kweli. Jina moja linabeba vitu viwili. Kimoja ni maji yaliyochemshwa mpaka mvuke na kukusanywa tena, hayana chumvi wala madini, na ndiyo ya kuongeza. Cha pili ni asidi salfuriki iliyochanganywa na maji, kiasi cha theluthi moja hivi ya uzito wake, na hiyo huwekwa mara moja tu, betri ikiwa mpya na kavu. Betri inapofanya kazi, kinachopotea ni maji. Asidi inabaki ndani. Ukiongeza asidi juu ya asidi unaunguza sahani za madini ya risasi polepole. Na tone likidondoka kwenye pamba hufanya vivyo hivyo: maji yake yanakauka, asidi haikauki, inazidi kuwa kali pale pale kwenye uzi. Unaona kitambaa kizima. Matundu yanakuja kujionyesha baada ya kufua.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema majina ya kemia ni mambo ya shule. Jina la kitu kinachounguza lina kazi ya kuuambia mkono usiguse. “Maji” linauambia mkono kinyume chake.

Neno “aside” tulilolichukua kwenye Kifaransa halisaidii sana pia. Muulize anayesafisha choo: aside yake ni ile ya chumvi, inayotoa moshi ukifungua kifuniko, na akiichanganya na javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, inatoka klorini ya kumkaba roho. Muulize fundi wa betri: aside yake haitoi moshi wala harufu, unaweza kuidhania maji ya kisima. Muulize anayefanya kazi mgodini: kwake aside haipimwi kwa chupa, inapimwa kwa tani. Watatu hao wakikaa meza moja watakubaliana kwamba aside ni hatari, na kila mmoja atakuwa anafikiria kitu kingine.

Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wana tindikali. Neno zuri, lina “kali” ndani yake, limejitangaza lenyewe. Lakini magazeti yamelichukua; siku hizi ukilisikia unafikiria mtu aliyemwagiwa usoni, hufikirii betri. (Halafu kuna alikali, ambayo ni kinyume cha asidi na nayo imejaa “kali” masikioni mwetu, ingawa asili yake ni jina la Kiarabu la majivu ya mmea. Namwonea huruma mwalimu wa darasa la kemia.)

Wafaransa wenyewe walisumbuka na jambo hili. Zamani asidi hii ya betri waliiita mafuta ya vitriol, kwa sababu ile chumvi waliyoipatia asidi hiyo inang'aa kama kioo. Mwaka 1787 wanakemia Lavoisier, Guyton de Morveau na wenzao wawili wakatoa utaratibu mpya: jina litaje kitu kilichomo. Ndipo ikawa acide sulfurique, asidi itokanayo na salfa. Hata mwisho wa neno una kazi: sulfureux ina oksijeni pungufu, sulfurique ina oksijeni zaidi.

Na salfa kwa Kiswahili tunayo tangu zamani. Ni kiberiti. Msomaji wa Biblia anajua kilichonyesha juu ya Sodoma. Tunayo hata mrututu, ile chumvi ya buluu ambayo Wafaransa waliiita vitriol ya buluu, nayo si kitu kingine ila shaba iliyoliwa na asidi hii. Ajabu ni kwamba neno hilo ni la watu wa pwani, wasio na migodi ya shaba, na sisi wa Katanga tunaotengeneza mrututu mito kwa mito hatulitumii. Maana kazi ya ile asidi mgodini ni hiyo: malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, linasagwa na kumwagiwa asidi, shaba inayeyuka na kuwa maji ya buluu, kisha umeme unaivuta ikaganda kuwa bamba.

Ndiyo maana malori yanapita. Lori la asidi nzito linatakiwa kubeba namba 1830, ile ya kimataifa ya kutambulisha mzigo, na alama ya mkono unaodondokewa na kuliwa. Asidi ya betri ina namba yake, 2796. Februari 2019, karibu na Tenke, lori la namna hiyo liligongana na basi, wakafa watu wapatao ishirini, wengine kwa kuunguzwa na mzigo wenyewe. Sidhani kama wanaouza vitumbua kandokando ya barabara ya Likasi wamewahi kuambiwa 1830 ni nini. Ingeandikwa kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, wangesoma.

Mimi nimeanzia nyumbani. Nimenunua chupa mbili nikaziandika kwa wino usiofutika: moja MAI YA KUONGEZA, nyingine ASIDI YA KIBERITI, USIGUSE. Nilijisikia mtu wa akademia. Jioni binti yangu wa miaka saba, anayejifunza kusoma, akasimama mbele ya rafu akifuatisha herufi kwa kidole.

“Baba, hii njo ya kuwashia makala ya jiko?”

Nimeihamishia rafu ya juu. Jina bado nalitafuta.