Mita 60 za barabara ya Arusha–Moshi: tuongeze njia au tutenge ya mabasi?

Sensa ya 2012 ililikuta Jiji la Arusha lina watu 416,442. Ya 2022 ikawakuta 617,631. Ongezeko hilo ni karibu nusu ya mji mzima ndani ya miaka kumi, na ukiwauliza wageni wamejenga wapi utaambiwa Muriet, Olasiti, Moshono, au nje kabisa ya mpaka wa jiji: Usa River, Kisongo, Ngaramtoni. Kila asubuhi sehemu kubwa yao wanaingia mjini kwa barabara zilezile chache. Ndiyo maana hoja ya kuzifikisha hadi Moshi njia nne za Sakina–Tengeru, kipande cha barabara ya Arusha–Moshi ambacho sasa ni kilomita 14.1 tu, ina watetezi wengi. Nao wana haki: ukishaipita Tengeru, lori moja la saruji likipanda kutoka bonde la mto linavuta msururu mzima nyuma yake, na dereva aliyechoka kusubiri anaovateki palepale kwenye kona.

Shida ni kwamba njia nne hazisemi zitabeba nini. Basi la watu 80 likipita kila dakika moja kwenye njia yake, watu 4,800 wamesafiri kwa saa. Kuwabeba hao kwa vifodi, daladala ndogo za watu 15, kunahitaji vifodi 320, yaani kimoja kila sekunde 11, bila hata kimoja kusimama. Lakini kifodi lazima kisimame. Tengeru siku ya soko konda anashuka, anapakia mikungu miwili ya ndizi nyuma, anarudisha chenji, anagonga bati. Muda wote huo njia ya kushoto imekufa. Ukiongeza njia bila vituo vilivyoingizwa ndani, umeongeza mahali pa kusimama.

Wanaopinga njia ya mabasi huuliza itakaa wapi. Tupime. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, kutoka mita 45 hadi 60, mita 30 kila upande kuanzia katikati. Njia nne za mita 3.5 zinakula 14. Katikati, njia mbili za mabasi na kituo chao, weka 12. Mabega ya barabara 4, mitaro 4, njia za waenda kwa miguu 5, barabara za huduma pande zote mbili 12. Jumla 51, zinabaki 9 za mabomba, nguzo na miti. Kwenye mita 45 za zamani haitoshi, na kitu cha kwanza kukatwa huwa barabara ya huduma. Hapo ndipo kosa linapoanzia, kwa sababu bila hiyo kila kiwanja, kituo cha mafuta na gereji vinafungua mlango moja kwa moja kwenye lami.

Tazama barabara ya mchepuo, kilomita 42.4 kutoka Ngaramtoni hadi Usa River, iliyojengwa ili malori yasipite mjini. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa inamalizika kwa dakika 32. Viwanja vikijaa pembeni, watoto wakianza kuvuka, matuta yatafuata na mwendo utashuka hadi 50: dakika 51. Hapo dereva hana tena sababu ya kuuzunguka mji. Kuilinda barabara hiyo sasa, kwa kuruhusu maingilio machache yaliyopangwa, ni rahisi kuliko kuja kujenga nyingine.

Upande wa pili wa mizani ni mzito, na wapangaji wengi huupita haraka mno. Kutenga ardhi mapema maana yake ni kuifunga mikononi mwa mtu. Aliyejenga kihalali kati ya mita 22.5 na 30 kutoka katikati ya barabara anapigiwa X ya kijani: atalipwa. Lini? Wakati anasubiri, kuongeza chumba ni hasara na kuuza ni shida. Meru jambo hili lina kumbukumbu: mwaka 1951 watu waliondolewa Engare Nanyuki kupisha walowezi, na 1952 Kirilo Japhet, mwakilishi wa Wameru, akaipeleka kesi yao Umoja wa Mataifa. Huwezi kumwambia mwenye robo eka ya migomba asubiri maendeleo.

Kwa hiyo nakubaliana na wanaotaka mita 60 zote zishikwe sasa, kwa sharti moja: fidia itangulie alama. Fedha zisipotosha kwa njia nzima, walipwe kwanza wa makutano na wa maeneo ya vituo, kwa sababu huko ndiko ardhi inapopanda bei kwa kasi, na huko basi likikosa nafasi mfumo wote unakwama. Njia nne zijengwe, nafasi ya kati iachwe majani mpaka mabasi yapatikane. Treni iliyorudi Arusha Oktoba 2020 isaidie mizigo na safari ndefu. Kwa mtu wa Usa River anayewahi kazini saa moja na nusu asubuhi, bado si jibu.

Halafu maji. Mito mingi inashuka kutoka Mlima Meru kwenda kusini, na barabara inaikata. Kalavati likijengwa kwa upana wa njia mbili, siku ya kuongeza nyingine litaunganishwa kwa kipande, na kwenye kiungo hicho ndipo maji ya masika hupenya, yakachimba udongo chini ya lami. Lijengwe kwa upana kamili tangu mwanzo, hata kama juu yake kwa miaka kumi zitapita njia mbili tu.