Ile Mia na Hamsini ya Jioni

Januari mwaka jana nilimnunulia kijana mmoja sare ili aende shule. Ana miaka 13, na nilimjua kwa kunibebea vitunguu soko la Kongowea, Mombasa, hadi kwenye tuktuk. Shati, kaptura, viatu, madaftari. Nikajiona nimemaliza kazi. Wiki ya tatu nikamkuta sokoni alfajiri anasukuma mkokoteni wa viazi, na kaptura ni ile ile ya shule.

Nilipomuuliza, alinijibu kwa ufupi: "Mamangu hana ya unga."

Mamake hufua nguo za watu huko Kisauni. Siku asipoitwa, unga wa jioni hutoka kwenye shilingi mia na hamsini anayopata kijana sokoni. Mimi niliitoa pesa ile nyumbani mwao, nikaweka madaftari mahali pake.

Tangu 2003 shule za msingi za umma hazitozi karo, na kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sawa. Lakini kuna pesa ya mtihani, kuna chakula cha mchana, na kuna cheti cha kuzaliwa, ambacho hakuwa nacho kwa kuwa alizaliwa nyumbani. Cheti hicho pekee kilitula siku nne za nenda rudi.

Halafu aibu. Alitiwa gredi ya nne na watoto wa miaka tisa, wakambandika jina "babu". Mzee Maruge alipoingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, Kenya nzima ilimshangilia. Huyu wa 13 anachekwa.

Mwaka huu majirani watatu tumemchangia mama: karai, jiko, gunia la viazi. Jioni anauza viazi karai mlangoni pake. Kijana akitoka shule humsaidia kumenya, na ubaya wake siuoni. Kumenya viazi na mamako si sawa na mkokoteni saa kumi alfajiri. Mwezi wa tano sasa, hajakosa shule.

Nimesema ya wavulana kwa sababu hao twawaona njiani. Wasichana wako jikoni kwetu, wametolewa Kwale na Kilifi waje "kushika mtoto". Katika gorofa ninayokaa wapo kadhaa, wengine hata mwiko wa ugali unawashinda. Kila nikiuliza, naambiwa huyo ana miaka 18.